Ndimu, Magadi na Kizibo

Fundi cherehani alikaa nyuma ya wanawake wawili kwenye basi, masikio yote yakiwa kiti cha mbele. Wawili hao, wasiojuana, walikuwa wameanza na habari za jua kali. Sasa walikuwa wanabishana juu ya sabuni.

"Dada, mimi dukani nafuata chumvi na kiberiti tu," alisema mwenye kikapu. "Mafuta ya nywele natengeneza mwenyewe kwa shubiri. Na hii ya kufulia," akaipapasa chupa mapajani, "ni ndimu na magadi, basi."

"Huo ni ubahili, mama," alijibu mwenzake, muuza vipodozi, aliyeficha kwa mkoba doa la chai kwenye blauzi yake nyeupe. Fundi alikuwa ameliona tangu anapanda. Jicho la kazi halina likizo.

"Bahili hujinyima. Mimi nimejinyima nini? Hebu ninuse!"

Muuza vipodozi alinusa shingo upande. "Unanukia vizuri. Lakini vitu vya kujitengenezea havina vipimo. Siku moja vitakuumbua."

Fundi aliitazama chupa. Ilikuwa imevimba mashavu kama mtu aliyenuna. Nani huyo anayekaza kizibo juu ya ndimu na magadi, vitu vinavyofura gesi vikikutana? Alipofungua mdomo aonye, dereva akakanyaga breki, kizibo kikaruka, mkoba ukateleza na kuliacha doa wazi, na povu lote likaishia kwenye blauzi nyeupe.

Mwenye kikapu aliokota kizibo chake, akakipangusa, akasimama. Kituo chake kilikuwa kimefika.

"Usifute, dada," alisema akishuka. "Acha likauke hivyo hivyo. Doa lako la chai linatoka bure."