Kikombe Kimoja katika Nyumba ya Msiba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnivumilie. Miaka imepita, na bado nikifika sehemu moja ya habari hii mwili unanisisimka.

Nimezaliwa hapa Dongobesh, nikabatizwa mchanga, nikaimba kwaya. Lakini kifo nilikiogopa kama tulivyofundishwa nyumbani: kwamba kinaambukiza. Nyumba iliyofiwa na mtoto inatengwa. Mama hapewi mkono, hachoti maji na wenzake, ng'ombe wao hawachungwi pamoja na wa jirani. Na mwenye mimba asimsogelee kabisa! Tulimaliza nyimbo za mbinguni makaburini, tukashuka kilima tukimkwepa mfiwa.

Mimi nilimkwepa Paskalina, jirani yangu. Alikuwa amezika mwanawe. Siku moja kisimani alishika ndoo yangu anitwishe. Kilikuwa kiangazi kikali, na foleni ndefu! Nikamwaga maji yote mbele yake, nikaisugua ndoo kwa mchanga. Akaondoka bila kuchota.

Mwaka uliofuata, mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mpya, nikajifungua binti. Nilikuwa nimemnunulia kisweta cha njano mnadani, kwenye rundo la mitumba. Akaishi siku tisa. Asubuhi homa, jioni kaburi. Hata kubatizwa hakuwahi.

Ndugu zangu, nilidhani watakuja! Mama mkwe wangu, mcha Mungu kweli, aliniwekea chakula juu ya jiwe nje ya uwanja, akarudi nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usisogee, mwanangu," akasema, huku analia.

Hakunichukia. Aliogopa. Nami nikaanza kuamini kwamba kifo chenyewe ni mimi. Na mwanangu je? Kama duniani mama yake anaogopwa hivi, huko alikokwenda nani atampokea? Nikaacha kusali. Nilikaa na kile kisweta mapajani, nikisubiri kumfuata.

Ndipo Paskalina akaja. Ana tumbo la miezi saba! Akavuka uwanja mchana kweupe, watu wakitazama kutoka mashambani.

Nikapiga kelele: "Rudi! Una mimba! Utaua mtoto!"

Akaingia. Akaketi kando yangu, bega kwa bega, akachukua kikombe changu, kile nilichokuwa nakinywea, akamaliza uji wote.

"Mbona hauna sukari?" akasema. "Ndiyo maana hupati wageni!"

Nikamwambia, "Nilimwaga maji yako."

"Yalikuwa yako," akajibu. "Mimi niliondoka na kiu tu." Kisha akanishika mikono yote miwili. "Sikiliza, dada. Bwana wetu aligusa jeneza. Alilala kaburini kabisa, akatoka. Kifo hakikumwambukiza; yeye ndiye aliyekiambukiza uzima! Huyu wangu akiishi, ni wa Bwana. Akifa, hatakufa kwa kikombe chako, na atakwenda aliko wako. Hawajapotea hao. Watasikia sauti yake asubuhi ile ya ufufuo, nasi tutawakuta."

Nikalia kilio ambacho sikuwa nimekilia hata makaburini. Alipoinuka, akanyoosha mkono: "Nipe na kisweta. Mwanangu atavaa."

Nguo ya marehemu! Nikampa.

Miezi miwili, hadi alipojifungua salama, sikulala vizuri. Lakini sikurudi tena gizani, maana nilijua mwanangu yuko wapi. Na siku ya ubatizo wa mtoto wake, kwa mlango huu hapa, Paskalina aliingia na mtoto aliyefungwa mgongoni, kisweta cha njano kimemfika magotini. Akanipa nimbebe. Kanisa lote likageuka kutazama! Mama mkwe wangu akaja mbele, polepole, akanishika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kaburini nikiwa hai. Na leo sikuja kusimulia tu. Mnajua kuna nyumba pale bondeni ilizika mtoto Alhamisi. Tuliimba vizuri sana. Tangu hapo, nani ameingia?

Kikombe changu hiki hapa. Sukari ninayo mfukoni. Tukitoka ibadani nateremka kunywa uji na yule mama. Mwenye kuamini kwamba Bwana alifufuka, na ainuke twende wote.