Maseneta wa Kentucky

"Buffalo nilishika kichwani maseneta wa New York. Tukahamia Columbus, nikashika wa Ohio. Kesho ni intavyuu ya uraia hapa Louisville. Donc, wa Ohio ni bure?" mama wa siti ya mbele yangu basini alimfokea mzee aliyeketi naye.

"Bon, mama, watakuuliza wa Kentucky. Jimbo hili lina maseneta wawili tangu 1792." Mzee alijivuna utadhani yeye ndiye aliyewateua.

"Na mmoja anakaa muda gani?"

"Miaka sita. Akichaguliwa tena, anaendelea."

Basi likasimama kituoni kwa mama. Akasonya, akageukia mlangoni.

"Papa, tangu nikimbie Kivu sijamaliza miaka sita mahali pamoja."