Firimbi Ilipigwa, Mjukuu Wangu Akaachwa Msituni

Wenzangu wa kikundi cha msitu, na nyinyi wageni mliotoka Molo na Gilgil, mniwie radhi sauti ikipanda. Shule niliiacha mapema, lakini hili ninalijua bila kusomewa. Mjukuu wangu ni yule pale mbele, msichana mrefu mwenye gambuti, hivyo viatu vya mpira. Ni kiziwi. Mtazameni vizuri. Urefu na uzuri alitoa kwangu.

Siku tulipojiunga na kikundi hiki cha kupanda miti niliuliza, "Na nyati wakitokea huko juu?" Jirani yangu mmoja akanipiga mgongo. "Mathe, wacha wasiwasi. Huyu ni mtoto wangu pia. Mimi ndiye masikio yake." Nikaamini. Jina sitalitaja. Anajijua, na leo amekaa hapa.

Ndugu zangu, nawaambia, nyati alitokea. Firimbi ya kukimbia ikapigwa, watu wakateremka mlima kama maharagwe yamemwagika. Mimi nilikuwa chini, napika githeri ya kikundi. Nikatafuta uso mmoja, sikuuona. Nikamshika jirani mkono.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si firimbi ilipigwa?"

"Firimbi! Kwa kiziwi!"

"Aki mathe, kila mtu alikuwa anaokoa roho yake."

Walikuwa wanapanda miche kwenye mstari mmoja. Jirani alimpita karibu hivi, angeweza hata kumvuta sweta. Mjukuu wangu alibaki ameinama, anashindilia udongo kwenye mche. Kuinua kichwa, majembe yametupwa, watu hakuna, nyati anamtazama. Alirudi nyuma pole pole, akapanda mti. Maaskari wa msitu ndio walimteremsha.

Mimi nilianguka, jamani. Si pombe iliyoniangusha, ni uchungu. Niliacha kikundi. Niliacha hata kanisa, kwa sababu jirani huyo huimba kwaya mbele kabisa, na sikuweza kumtazama akifungua mdomo. Kikao cha kikundi kikaamua mjukuu wangu abaki kwenye kitalu kumwagilia miche, ati kwa usalama wake. Hata mimi nikamwambia avue gambuti, aache kupanda mlimani.

Akakataa. Akaniambia kwa mikono, kwa hasira mpaka kikombe kikaanguka: "Shosho, nyati hakunifanya kitu. Watu ndio waliniacha. Na mimi ndiye ninafungiwa?"

Hapo nikasimama. Nikarudi kikundini, nikaenda naye kwenye kikao, akaeleza anachotaka, nikatafsiri. Firimbi ikipigwa, kitambaa chekundu kiinuliwe. Kila mtu awe na mwenzake wa kumgusa bega, na asiondoke bila yeye. Halafu wote tujifunze ishara.

Mzee mmoja akanung'unika, "Sasa tunapanda miti ama tunarudi shule?"

"Utarudi," nikamwambia. "Hata mimi nitarudi, na magoti haya."

Ahsante kwa kijana kiziwi aliyetoka Nakuru mjini kutufundisha. Ahsante maaskari. Ahsante mwenyekiti, ulikubali kuambiwa. Nyati wametokea tena, na tumeshuka wote, hakuna aliyebaki.

Jirani alimwomba mjukuu wangu msamaha kwa mikono, akapewa. Mimi bado. Namuombea, lakini bado. Siwezi kuwadanganya nikiwa nimesimama hapa.

Ninachowaachia ni hiki: usimwite kiziwi mpande miti pamoja kama hujui kumwambia "kimbia". Basi inueni mikono, mjukuu wangu awaonyeshe ishara yake. Wote. Na wewe, jirani yangu, inua juu nikuone.