Mulcorra Wamebaki Wangapi?

— Mhispania gani, Mattie? Mhispania gani mwenye nywele nyekundu kama karoti?

— Nywele zilibadilika baadaye. Kwa baridi.

— Nywele hubadilika kwa baridi?

— Za kwako si zilikimbia kabisa?

Yanki akajipapasa upara, na Askofu akapata nafasi ya kunywa kahawa yake kabla haijapoa.

Benchi la ubishi huo liko chini ya dirisha la duka la Attracta, mkabala na geti la kanisa la Kilbrannagh, pwani ya Ireland. Jumapili misa ikiisha, wengine hurudi nyumbani kumenya viazi, na watatu hawa hubaki. Mattie huitwa Askofu kwa sababu alitumikia altareni miaka tisa na tangu hapo hajakubali kwamba kuna jambo la dini au la historia asilolijua. Yanki aliishi Boston mwaka mmoja na nusu alipokuwa kijana, na sasa ana miaka sitini na minane, lakini Boston bado haijamtoka mdomoni. Attracta mwenyewe huitwa Redio. Yeye haketi, huegemea dirisha kwa ndani, birika la kahawa mkononi, na habari zikimpita anaziongezea sauti. Siku hiyo mvua ilikuwa inakuja na kuondoka kama mgeni aliyesahau kitu. Kunguru wa mnara wa kanisa walikuwa wanaruka, wanatua, wanaruka tena, na hapakuwa na aliyetulia.

Aliyetulia kidogo kuliko wote alikuwa mtu wa nne, aliyekaa katikati ya Askofu na Yanki, kwa sababu jina lililokuwa linagombaniwa lilikuwa lake. Aliitwa Jarlath Mulcorra. Alikuwa na miaka hamsini na saba, hana mke, hana mtoto, na katika parokia nzima hapakuwa na Mulcorra mwingine aliye hai. Kikombe alikuwa anakizungusha tu mkononi, hanywi. Kila baada ya dakika mbili aliinua macho kuitazama saa ya kanisa.

Alikuwa na mpaka kengele ya saa sita mchana kutoa jibu.

Jambo lenyewe lilianza Alhamisi. Mzee mmoja aitwaye Dominic Mulcorra alifia Liverpool, ng'ambo ya maji, na binti yake akampigia simu Padri Loftus kusema baba aliagiza azikwe Kilbrannagh, kwa watu wake. Jeneza lilikuwa njiani kwa meli na lingefika kanisani jioni ya Jumapili hii. Mazishi yalikuwa kesho, Jumatatu. Na Kilbrannagh kaburi halifunguliwi Jumatatu. Ukilifungua Jumatatu, litadai mwingine kabla mwaka haujaisha. Dawa yake ni moja: sepetu iingie ardhini Jumapili, hata kwa kipande kimoja tu cha udongo, halafu kesho mnaendelea salama.

Basi leo ilikuwa lazima ardhi ikatwe. Lakini ikatwe wapi, na nani akate?

Hapo ndipo penye ugumu, na ndipo Padri Loftus alipomwachia Jarlath mzigo kabla ya kuondoka kwenda kusoma misa ya pili kisiwani. Jarlath akisema huyu mzee ni ndugu yake, mzee angelazwa kwenye kaburi la akina Mulcorra, pamoja na mama yake Jarlath. Akisema si ndugu, angelazwa upande wa ukuta mpya, wanakolazwa watu wa kuja. Na kuna jambo lingine, ambalo kila mtoto wa Kilbrannagh analijua: mtu hamchimbii nduguye kaburi. Majirani ndio huchimba. Mwenye damu hukaa nyumbani akapewa chai.

Ilikuwa ndiyo sababu Jarlath alichimba makaburi yote ya parokia kwa miaka thelathini na moja. Wengine wote wameoana wakaoana hadi hakuna asiye binamu wa mwenzake. Mtu akifa, watu huhesabu nani si ndugu wa marehemu, wanatoa huyu, wanatoa yule, na hesabu humwishia Jarlath. Alikuwa na sepetu tatu, akijua udongo wa kila kona. Watu walimheshimu kwa hilo. Yanki alizoea kusema kwamba upweke una malipo yake, kwani mtu asiye na ukoo hakosi kazi.

Kwa hiyo leo, akichimba, angekuwa amesema mbele ya parokia yote kwamba Dominic si mtu wake. Akikataa kuchimba, angekuwa amesema kinyume chake. Hapakuwa na njia ya tatu.

Nao wenzake, badala ya kumsaidia, walikuwa wamemtafutia asili.

Askofu alishikilia Wahispania. Alidai meli zao zilipovunjika kwenye miamba yetu, miaka zaidi ya mia nne iliyopita, nahodha mmoja aliogelea na kengele ya shaba shingoni, akapokelewa na watawa, akapewa kazi ya kuilinda kengele ile, na watoto wake wakaitwa Mulcorra. Yanki akauliza mtu anaogeleaje na kengele shingoni. Askofu akamjibu kwamba mchagua jembe si mkulima. Yanki akauliza jembe limeingiaje baharini. Askofu akasema methali haiulizwi imeingiaje.

Attracta, kutoka dirishani, akasema wote wawili wanapotea. Bibi yake alimwambia wazi kwamba Mulcorra wa kwanza alioa sili, mnyama yule wa baharini mwenye macho ya mtu, anayevua ngozi akawa mwanamke, akamfichia ngozi hiyo darini asirudi majini.

— Ndiyo maana hawazami, akasema. Umewahi kusikia Mulcorra amekufa maji?

— Sijasikia, akasema Yanki. Lakini pia sijawahi kusikia Mulcorra amepanda mashua. Huyu hapa akiona dimbwi analizunguka.

Jarlath hakucheka. Akasimama, akaenda hadi ukingo wa barabara, akarudi, akakaa.

Yanki akaona zamu yake imefika. Akatoa simu. Mpwa wake, aliyesoma kompyuta mjini Galway, alimpatia ramani ya dunia yenye nukta, kila nukta nyumba moja ya Mulcorra. Akaishika kwa fahari, mkono mbali kwa sababu miwani aliisahau. Katika vitabu vya zamani vya kuhesabu watu, akasema, kijiji cha juu, hapa hapa parokiani, kilikuwa na nyumba kumi na nne za jina hilo. Miaka kumi baadaye, sita. Baada ya vita, mbili. Sasa nukta moja, na nukta yenyewe imekaa hapa inachezea kikombe. Lakini ng'ambo zilikuwepo: tatu Liverpool, ishirini na kitu Newfoundland, chache Boston, moja Australia, na moja Zambia.

— Zambia wamefuata nini? akauliza Attracta.

— Ni sista. Anafundisha hesabu.

— Basi huyo hazai nukta nyingine.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Askofu kwa huzuni.

— Mattie, hapa kibaba kinamwagika, hakijazwi.

— Ndiyo maana nimesema kwa huzuni.

Kutoka hapo hoja zikaota mabawa. Yanki akasema Mulcorra wa Boston aliowajua yeye wote walikuwa wapiga plasta, kwa hiyo ukoo huu asili yake ni wajenzi wa minara, na pengine walijenga minara huko Misri kabla hawajafika Ireland. Askofu akakubali Misri, ila kwa sharti kwamba walipitia Hispania. Attracta akasema hata sili wa Misri wapo. Walipofika hapo hata wao walijua wamepotea, lakini hapakuwa na aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi.

— Mimi nataka kujua kitu kimoja tu, akasema Jarlath.

Wakamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kuisikia sauti yake.

— Huyo mzee alikuwa wapi tulipomzika mama?

Walijua alivyokosekana, kwa sababu wao walikuwepo. Kilbrannagh jeneza hutoka kanisani kwa mabega sita, na wa jina la marehemu ndio hubeba kwanza, hata kama ni hatua ishirini tu, kabla ya kuwaachia majirani. Miaka kumi na moja iliyopita, Jarlath alisimama mbele ya jeneza la mama yake, akageuka kutazama nyuma, na hapakuwa na Mulcorra mwingine wa kushika hata pembe moja. Askofu aliingia, Yanki akaingia, na wana watatu wa Attracta. Walibeba vizuri. Lakini kila aliyekuwa uani aliona, na Jarlath aliona kwamba wameona.

— Tatu Liverpool, akaendelea. Umesema tatu. Meli ni usiku mmoja. Mama alitundika kadi ya Krismasi kila mwaka kwa ajili ya watu wa Liverpool, bila anwani, akisema wataandika wao kwanza. Hawakuandika. Sasa mtu amekufa, ndio wanakumbuka udongo?

— Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, akasema Askofu taratibu, na safari hii methali ilikaa mahali pake, hata mwenyewe akaonekana kushangaa.

— Huenda si ndugu kabisa, akasema Yanki, akitaka kumtuliza. Jina tu. Hakuna karatasi inayowaunganisha, mpwa wangu ametafuta. Mchimbie pale ukutani, bwana, mambo yaishe. Hakuna wa kukulaumu.

Jarlath akaitazama saa. Zilibaki dakika kumi na tano. Akaweka kikombe chini na kusema sawa, atachimba ukutani. Alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Ndipo gari dogo la kukodi likasimama mbele ya duka. Akashuka mwanamke wa miaka arobaini na kitu, koti jeusi, viatu visivyofaa kwa tope. Nywele zake zilikuwa nyekundu, zimeanza mvi. Askofu akazitazama, akamtazama Yanki, wala hakuthubutu kusema neno juu ya Wahispania.

Akajitambulisha kwa jina la Bernadette, binti wa Dominic. Akampa kila mmoja mkono, na Jarlath naye akampa mkono bila kutaja jina. Attracta akammiminia kahawa kabla hajaomba. Mwanamke akashukuru, akasema ndege ilichelewa, akasema padri amemweleza kwa simu kwamba huenda ikawa mahali pa ukutani, na hata hapo ni pazuri, hana neno, baba asingependa kusumbua watu. Alikuwa anaongea huku anakifungua na kukifunga kifungo cha koti.

— Kuna kitu kimoja tu, akasema. Sisi tuko wawili tu, mimi na mume wangu, naye mgongo wake ni mbovu. Mtu wa majeneza amesema si kitu, ana kigari cha magurudumu, kitasukumwa hadi kaburini. Lakini baba alikuwa anasema huku jina ndilo hubeba kwanza. Kwa hiyo nilitaka kuuliza, samahani, labda ninyi mnajua. Mulcorra wamebaki wangapi hapa?

Yanki, mwenye ramani ya dunia mfukoni, akatazama viatu vyake. Attracta akashika birika kuongeza kahawa na birika likatoa mashapo tu, naye hakulitua, akabaki amelishika hivyo hivyo. Jibu lilikuwa ama mmoja ama hakuna, na hapo hapakuwa na mwenye haki ya kulitoa isipokuwa mtu wa katikati.

Mtu wa katikati alikuwa anawaza kigari cha magurudumu. Alikwisha kukiona mara moja, kwenye mazishi ya mjini. Gurudumu moja lilikuwa linalia njia nzima, na watu waliofuata nyuma walikuwa wameshika mikono yao wenyewe, hawana pa kuiweka. Akajaribu kuirudisha ile hasira yake ya kadi za Krismasi, ambayo dakika tano zilizopita ilikuwa imara. Ilikuwepo bado. Ila iliwahusu watu ambao yeye hakuwajua, na aliyesimama mbele yake alikuwa mwanamke wa koti jeusi anayeuliza idadi.

Akainuka. Akavuka barabara, akaingia geti la kanisa, akaelekea kwenye kibanda cha sepetu nyuma ya mnara.

Bernadette akauliza kama amemkosea.

— Hapana, mama, akasema Attracta. Ndiye mchimbaji wetu.

Askofu akamfuata Jarlath mbio, koti likipepea, kwa sababu kazi ya kuonyesha mahali pa ukutani alikuwa amepewa yeye na padri, na kengele ilikuwa karibu kulia. Alimkuta amesimama mlangoni mwa kibanda. Mlango ulikuwa wazi, sepetu tatu zimeegemezwa ndani, zimeoshwa. Jarlath alikuwa amekunja mikono, haingii.

— Tunakwenda na ipi, Jarlath? Saa inakwenda, bwana. Chukua moja twende ukutani.

— Chukua wewe, Mattie. Ukakate kwa mama. Mimi leo ni mfiwa.