Jumanne ya Koki

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ni Ijumaa jioni, na sauti hii mmeizoea. Kila wiki nawakumbuka watu wa wengine. Leo namkumbuka wa kwangu. Alikuwa fundi bomba wa shule ya msingi. Sisi tulimwita Koki. Alifariki Jumatatu, akiwa na miaka arobaini na moja. Tulimzika Jumatano.

Familia yake ndiyo iliyoniomba nizungumze, kwa sababu kwa miaka tisa nilikuwa naye kwenye mtumbwi mmoja. Wanaona namjua kuliko wengi. Ni kweli. Kuna jambo moja nalijua mimi, wao hawalijui. Nitalisema kabla kipindi hakijaisha. Natangulia kuwaambia hivyo ili nisije nikapata upenyo wa kukimbia.

Sijalia bado, wasikilizaji. Watu wananipa pole, nami naitikia kama mtu anayepewa pole ya mafua. Jana nilikwenda kununua betri, nikarudi na sabuni.

Kwanza niwaeleze mchezo wetu, maana wengi mkisikia mtumbwi mnafikiria samaki. Hapana samaki. Ni mtumbwi mwembamba wa watu wawili, kwenye mto wa mawe na maji ya kasi. Mnapiga magoti, mmoja mbele, mmoja nyuma, kila mtu na kasia lake. Juu ya maji kuna milango, yaani nguzo mbilimbili zinazoning'inia kwenye waya. Mnapita katikati. Mingine mnaipita mkipanda, maji yakiwasukuma usoni. Mkigusa nguzo, mnaongezewa sekunde mbili. Mkikosa mlango, hamsini, na hapo bora mfungashe virago mwende nyumbani.

Mimi nilikaa mbele, Koki nyuma. Wa mbele analiona jiwe kwanza. Wa nyuma ndiye anayeugeuza mtumbwi. Miaka tisa yeye alitazama mgongo wangu. Alisema anajua nikigombana na mtu kazini kwa jinsi shati lilivyokaa.

Tulikutana hapa hapa kituoni, chooni, sitaficha. Alikuja kutengeneza bomba. Akaliona kasia langu limeegemezwa ukutani, linachuruzika. Nikamwambia mwenzangu amehama, nimebaki na nusu ya timu. Akasema yeye na maji wanajuana. Jumamosi hiyo tulipinduka mara sita. Mara ya sita aliibuka, akatema maji, akasema, "Kwenye bomba huwa yana adabu." Nikajua nimepata mtu.

Ukimkaribisha nyumbani, hakai. Anapita kwanza jikoni kusikiliza kama kuna tone linadondoka. Mke wake ni fundi cherehani. Aliniambia kwamba zamani, kabla ya posa, Koki alikuja dukani kwake kutengeneza bomba lile lile mara nne. "Mara ya pili nilijua halivuji," alisema shemeji. "Nikamwacha alifungue tu."

Sasa sikilizeni hili vizuri, kwa sababu mengine yote yanatoka hapa. Mto wetu hauna maji kila siku. Juu yake kuna bwawa. Wenye bwawa hufungua maji mara mbili kwa wiki, Jumanne na Jumamosi, tangu saa nne asubuhi hadi saa saba. Siku nyingine mto unavukwa kwa viatu. Jumanne na Jumamosi tu. Ukikosa Jumanne, umekosa nusu ya wiki.

Kwa hiyo maisha yetu tuliyapanga kwa bwawa. Mwalimu mkuu alimruhusu Koki kuanza kazi saa nane kila Jumanne, mradi abaki mpaka jioni. Mimi niliomba zamu za usiku nisizozipenda. Harusi ya dada yangu nilifika watu wanakunja viti. Dada alininunia mwaka mzima, na nilimwona yeye ndiye mwenye makosa. Tulijiona watu wa maana sana, wasikilizaji, wanaume wawili wazima tunaokimbizana na nguzo.

Mwaka huu kulikuwa na mashindano ya kuchagua timu ya taifa. Jozi mbili tu zingechaguliwa. Kwa umri wetu, ilikuwa mwaka huu au basi. Tulikaza uzi. Kocha wetu, mama mmoja asiyepoteza maneno, alitutazama kwa miezi mitatu, kisha akasema inawezekana. Kwa mama yule, hiyo ni sherehe.

Halafu mkono wa kushoto wa Koki ukaanza kufa ganzi. Mara ya kwanza kasia lilimponyoka. Tulicheka. Mara ya pili hatukucheka sana. Alikwenda hospitali, wakampima presha, wakaikuta iko juu kupita kiasi. Wakampa vidonge, wakampa na siku ya kurudi kwa vipimo vya kichwa na moyo. Ilikuwa Jumanne. Jumanne ya mwisho kabla ya mashindano.

Hakwenda. Jumanne hiyo, saa nne, alikuwa mtoni na mimi.

Jumamosi tukashindana. Tulishuka vizuri kuliko siku zote. Mlango wa kumi na mbili ni wa kupanda, nyuma ya jiwe kubwa. Hapo mtumbwi ulichelewa kugeuka, kidogo tu, na bega langu likagusa nguzo. Sekunde mbili. Tulikuwa wa tatu. Tuliachwa na jozi ya pili kwa sekunde moja na nusu. Fanyeni hesabu wenyewe, mimi nimeifanya vya kutosha.

Tulipofika ukingoni Koki hakusimama. Alibaki amepiga magoti, na mkono wake wa kushoto umelishika kasia, hauachii. Nilivifungua vidole vyake kimoja kimoja. Vilikuwa baridi. Na nitawaambia nilikuwa nawaza nini wakati navifungua. Nilikuwa nawaza ile nguzo.

Hospitali wakampa siku nyingine, wiki tatu na siku tatu baada ya mashindano. Jumanne tena. Akafariki Jumatatu, kesho yake ndiyo aende. Alikuwa shuleni, chini ya sinki la jiko la walimu. Mpishi aliona miguu haisogei. Kiharusi, ndivyo daktari alivyoandika.

Nimekaa msibani siku nne. Kila aliyeingia alisema neno lile lile: mkaidi. Mama yake mzazi alisema, "Mwanangu alikuwa na kichwa kigumu tangu mdogo. Ukimwambia kaa, anasimama." Mjomba akasema wanaume wa ukoo huo wote wanaogopa sindano. Watu wakacheka kidogo, kama inavyokuwa msibani. Nami nilicheka. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakitazama mpaka chai ikapoa.

Jana asubuhi shemeji aliniita chumbani. Kitandani kulikuwa na shati jeupe limepigwa pasi. Akaniambia alimwandalia lile kwa ajili ya hospitali, ile Jumanne ya kwanza. Koki alilikunja mwenyewe, akalirudisha kabatini, akamwambia amechoka kuchomwachomwa, hataki. Waligombana. Katika miaka kumi na minne hawakuwahi kugombana hivyo. Akakaa kitandani, akasema, "Nina hasira naye, shemeji. Kila nikitaka kumlilia, hasira inatangulia. Alituona si kitu mimi na binti yake."

Nilisimama pale. Mdomo wangu ndio unaonilisha, na ulichoweza kutoa ni kisingizio. Nikasema nawahi kazini.

Basi jambo lenyewe ni hili.

Jumapili, siku mbili kabla ya ile Jumanne, Koki alikuja bandani tunapoweka mtumbwi. Alikuwa na kadi ya hospitali mfukoni. Alinionyesha. Alisema anataka kwenda. Narudia, wasikilizaji, kwa sababu hili ndilo la kusikika: alisema anataka kwenda. Mimi nilikuwa natia gundi kwenye ufa. Sikuacha kazi. Nikamwambia, "Jumanne ndiyo maji yetu ya mwisho. Nenda baada ya mashindano. Mkono umekuvumilia miaka yote, hauwezi kukuvumilia siku nne?"

Akasema, "Sawa, Mtangazaji." Hivyo ndivyo alivyoniita. Akairudisha kadi mfukoni, akachukua msasa, tukaendelea na kazi. Nyumbani akasema amechoka kuchomwachomwa. Hakusema ni mimi. Alijua mkewe angekuja kunitoa roho, na angekuwa na haki.

Hakuwa mkaidi. Mama, kama unasikia, ulimwambia mwanao akae akasimama, sawa, lakini mara hii alikaa. Alinisikiliza mimi.

Sijui kama angekwenda angepona. Daktari naye hajui, nilimuuliza. Ninachojua ni kwamba alitaka kwenda, na aliyemzuia nipo hapa nimevaa vipokea sauti, na fundi mitambo ananitazama kupitia kioo hajui aweke muziki au aache.

Asiweke.

Kwa mama mzazi wa marehemu, kwa binti yake, kwa walimu na wapishi wa shule ile, kwa kocha wetu, natoa pole. Mwenyezi Mungu awape nguvu. Na ninyi wasikilizaji wapendwa, nawaomba jambo moja jioni hii. Kama kuna marehemu anayebeba lawama iliyo yako, mwondolee. Yeye hawezi kujieleza.

Na kwako, shemeji. Najua redio iko juu ya kabati la vitambaa, na najua huizimi. Mume wako hakukuona si kitu. Mlilie. Hasira nipe mimi. Nikitoka hapa nakuja kwenu kwa miguu, ni kama nusu saa. Ukifungua mlango, nitaingia. Usipofungua, nitakaa barazani, na sitagonga mara ya pili.