Mlinda Wiketi wa Koralawella: Maisha ya Titus Anselm Salgado, 1952–2019

Baba Paroko, shemeji yangu Bernadine, wanangu Roshanthi na Dilip, majirani wa Koralawella, na ninyi wanakriketi mliokuja mmefunga tai za vilabu vyenu katika joto hili, mimi ni Placidus Salgado, mdogo wake marehemu anayemfuata, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, kazi ambayo yeye angeifanya vizuri zaidi, kwa kuwa tangu utotoni ndiye aliyekuwa akinisemea mbele za watu.

Marehemu Titus Anselm Salgado alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 hapa Koralawella, Moratuwa, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Juvenis Salgado, fundi seremala aliyetengeneza vitanda ambavyo baadhi yenu mnavilalia mpaka leo, na marehemu Mama Euphrasia, akabatizwa katika kanisa hili hili, na wazee waliokuwepo walisema alilia mpaka padre akasahau jina la pili, ndipo babu akapaza sauti kutoka nyuma, “Anselm!”

Alianza masomo mwaka 1957 katika shule ya parokia, akaendelea na sekondari hapa Moratuwa na kumaliza mwaka 1970, na ni shuleni alikoanza kulinda wiketi, yaani kuchuchumaa nyuma ya vile vijiti vitatu na kudaka kila mpira unaompita mpigaji, si kwa sababu alikuwa na kipaji kuliko wengine, bali kwa sababu kazi hiyo huvunja vidole na wenzake wote waliikimbia, jambo lililomkasirisha sana baba yetu, akawa akimwambia mezani, “Fundi anaishi kwa vidole vyake, na wewe wavitoa sadaka kwa mpira?”

Mwaka 1971 aliajiriwa katika ghala la kampuni moja ya chai mjini Kolombo, akaichezea timu ya kampuni hiyo, na mwaka 1974 akaitwa katika kikosi cha taifa, akiwa mlinda wiketi wa pili, nyuma ya Sunimal Edirisuriya wa Egoda Uyana, na hapo alikaa miaka mingi, akibeba maji na taulo, akimtazama Sunimal akicheza, bila kinyongo, kwa maana waliokuwa wakimjua Sunimal enzi zile wanajua kwamba kumtazama ilikuwa shule tosha, na wawili hao walikuwa wakipanda treni moja asubuhi na kurudi na treni moja jioni, wakibishana njia nzima.

Tarehe 27 Desemba 1980 marehemu alifunga ndoa na Bernadine Coorey wa Panadura, na msimamizi wake wa ndoa alikuwa Sunimal.

Sasa nafika mahali ambapo wengi mnangoja nipite haraka, nami sitapita haraka, kwa sababu marehemu mwenyewe aliniagiza. Mwishoni mwa mwaka 1982 baadhi ya wachezaji wetu walikwenda kucheza Afrika Kusini, kwa Makaburu, safari iliyokatazwa na dunia nzima kwa sababu ya ubaguzi wao wa rangi, na Sunimal akaenda nao, na waliporudi walifungiwa kriketi kwa miaka ishirini na mitano, wasicheze, wasifundishe, wasikanyage uwanja wa klabu yoyote, na nafasi ya mlinda wiketi wa taifa ikabaki wazi, akapewa Titus. Tangu siku hiyo watu wamemsifu kaka yangu kwamba alikataa kwenda kwa Makaburu, wamemsifu harusini, wamemsifu mashuleni, hata juzi kwenye mkesha nimesikia mtu akisema hivyo, na kila aliposifiwa alijibu jibu moja, “Sikukataa, bwana, sikualikwa. Ningealikwa, sijui ningesema nini.” Aliniagiza kwamba siku ya kuzikwa kwake nisiruhusu uongo huo umfuate kaburini, basi nimesema.

Timu ya taifa ilikuwa iende New Zealand mwanzoni mwa mwaka 1983, kucheza mechi za Test, zile za siku tano ambazo kila mchezaji huziota, na ndipo Titus, aliyekuwa hajalinda wiketi katika hata moja, alipokwenda nyumbani kwa Sunimal na kumwambia, “Nifundishe, muda wenyewe ndio huu.” Kwa kuwa Sunimal alikuwa haruhusiwi uwanjani, walifanyia mazoezi nyuma ya karakana ya baba, Sunimal akiurusha mpira juu ya ubao uliopigwa randa na kulowanishwa maji, mpira ukiteleza kama sabuni, huku akifoka, “Usiukimbilie! Ungoje uje mwenyewe, wewe unadaka kama mtu anayefukuza kuku!” Wapita njia walisimama kwenye uzio wakizomea, na mmoja akapaza sauti, “Edirisuriya, Makaburu wamekutuma na kwa maseremala?”, na Sunimal hakugeuka, ila baba yetu, ambaye hakuwahi kuupenda mchezo ule, alitoka na msumeno mkononi, akasimama tu pale uzioni, na watu wakakumbuka shughuli zao.

Kule New Zealand mambo hayakumwendea vizuri, na sitayapamba. Katika mechi ya kwanza, huko Christchurch, upepo ulikuwa mkali na vidole vilikufa ganzi, akaudondosha mpira mwepesi wa mpigaji wao hodari, ambaye ungedakwa angetolewa, na baada ya kuponea hapo alikaa akitupiga karibu siku nzima, na redio ya hapa nyumbani ikalitaja jina la Salgado kwa namna iliyomfanya mama yetu aizime, akaenda kupika.

Kabla ya mechi ya pili, huko Wellington, alikuwa akinywa chai peke yake nyuma ya jukwaa, na mama mmoja wa Kimaori aitwaye Ngaire, aliyewaandalia wachezaji chai, akamuuliza, “Ninyi ndio mliokwenda kwa Makaburu?” Titus akasema, “Hapana, mama, wale ni wenzetu. Mimi nilibaki.” Mama akamuuliza, “Ulikataa?”, naye akajibu kama alivyokuwa akijibu siku zote, na yule mama akacheka, akamwongezea chai, kisha akamwambia kwamba timu ya raga ya Makaburu ilipokuja nchini kwao, yeye aliandamana kuipinga akarudi nyumbani amevunjika mkono, na akamuuliza tena, sasa bila kucheka, “Una rafiki kati ya hao waliokwenda?” Titus akasema anaye. “Ulimuuliza aliona nini?” Kaka yangu alisimulia kwamba katika wiki zote zile nyuma ya karakana walizungumza habari za viganja na magoti tu, na hakuwahi kumuuliza.

Mechi hiyo alicheza vizuri, alidaka mipira ambayo hata wenyeji waliipigia makofi, na katika zamu yetu ya mwisho ya kupiga alisimama muda mrefu akiwa na dole gumba lililovimba, wenzake wakitolewa mmoja mmoja upande wa pili, nasi tukashindwa, kama tulivyoshindwa ya kwanza, lakini waliokuwepo walirudi wakisema sasa nchi ina mlinda wiketi.

Alipotua alikwenda kwa Sunimal kabla ya kufika kwake, jambo ambalo shemeji Bernadine, aliyekuwa na mimba ya Roshanthi, hakulisahau, na huko akamuuliza lile swali. Sunimal alimjibu, nami nayasema maneno haya kwa idhini yake, maana yuko hapa nasi, “Tulipewa nafasi ya wazungu, Titus. Hoteli yao, meza yao. Mhudumu mmoja, Mwafrika, mtu mzima kama baba yako, aliniwekea sahani, akaiangalia rangi ya mkono wangu, akasema polepole, ‘Hata wewe?’ Basi. Sikuweza kula.” Titus akamuuliza, “Ukafanyaje?” Sunimal akasema, “Kesho yake nikacheza.” Kaka yangu aliniambia kwamba hakumwambia “si kitu”, kwa sababu kilikuwa kitu, na hakuondoka.

Wiki iliyofuata wachezaji walialikwa katika hafla kubwa mjini Kolombo, kila mmoja na mgeni wake, na kwa kuwa shemeji hakuweza kusafiri na mimba ile, Titus alimchukua Sunimal, na mlangoni bwana mmoja wa mapokezi akasema, “Wewe ingia, Salgado, huyo hapana.” Sunimal akamvuta mkono, “Ingia, usiwe mjinga, mimi narudi kwa treni.” Titus akasema, “Huyu ndiye aliyenifundisha,” na yule bwana akajibu, “Hilo usilirudie mbele ya watu,” na Titus akalirudia, kwa sauti kubwa, mbele ya watu, kisha wakaondoka wote wawili na suti zao, wakala appa, vile vikate vya unga wa mchele, na mchuzi wa samaki katika kibanda karibu na stesheni. Kikosi kilichofuata kilipotangazwa, jina lake halikuwemo, wala halikuwemo tena, na hakuna aliyempa sababu, kwa hiyo mechi za Test alizocheza marehemu maishani mwake ni zile mbili za New Zealand.

Shemeji yangu ameniruhusu kusema kwamba alikasirika, tena sana, alimwambia mumewe, “Yeye aliichagua njia yake, wewe ukaichoma ya kwako ili kumpa joto!”, na kwa miaka na miaka Sunimal alipokuja nyumbani kwao aliletewa chai barazani, kwa adabu zote, biskuti juu ya sahani, lakini sebuleni hakukaribishwa, hata baada ya adhabu ile kufutwa na nchi nzima kusamehe, na Titus hakumlazimisha mkewe, alikuwa akibeba kiti chake na kwenda kuketi nje na rafiki yake, mvua ikinyesha wakisogea ukutani.

Marehemu alijaliwa watoto wawili, Roshanthi, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1983, ambaye ni muuguzi, na Dilip, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1986, ambaye ameirudisha karakana ya babu yake, na wajukuu watatu. Aliendelea na kazi ya chai hadi alipostaafu mwaka 2007, na jioni alifundisha walinda wiketi wa shule za hapa, wengi wenu mnaolia leo mmepitia mikononi mwake, na mnakumbuka kwamba hakuwahi kumfokea aliyedondosha mpira.

Mwaka 2012 mikono yake ilianza kutetemeka, na madaktari wakatuambia ni ugonjwa wa Parkinson, ukamnyang'anya kwanza vifungo vya shati, halafu kijiko, halafu miguu. Siku moja ya mwaka 2016 Sunimal alikuja, akaketi barazani kama kawaida yake, na Titus hakuweza kunyanyuka kutoka kitandani, na yule mzee akaendelea kukaa pale peke yake bila kuulizia, mpaka shemeji Bernadine akatoka, akasimama mlangoni, akamwambia, “Unamngoja nani huko nje? Hawezi kuja. Ingia.” Akaingia. Tangu hapo alikuja karibu kila asubuhi, akamnyoa, akamlisha, wakabishana kuhusu wachezaji wa sasa, Titus akibishana kwa macho sauti ilipokwisha, na siku shemeji alipochoka alilala mchana kutwa bila wasiwasi, kwa kuwa alijua nani yuko chumbani.

Marehemu alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumatatu, tarehe 11 Februari 2019, mkewe akiwa ameushika mkono wake mmoja na Sunimal mwingine, na mikono hiyo, shemeji anasema, ilikuwa imetulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Baba Paroko aliyempaka mafuta matakatifu, majirani walioleta chakula bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa ghala la chai, na vilabu vyote vilivyotuma mashada.

Jeneza litabebwa na Dilip, mkwe wetu Ruwan, mimi, na Sunimal Edirisuriya, ambaye atashika upande wa kichwa. Marehemu hakuagiza lolote juu ya jambo hili, ingawa aliniagiza mengi. Aliyepanga hivyo ni Bernadine.

Kaka Titus, kazi imekwisha, vidole vipumzike, nawe pumzika kwa amani ya Bwana.