Nilifuta Sauti Iliyotoka Chini ya Sakafu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, na awape subira pia, kwa maana ninalokuja kusema si tamu. Naitwa Quinter. Wengi hapa Migori mnanijua kama yule dada anayepiga video za nyumba za kupangisha. Leo nataka mnijue zaidi ya hapo.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza peke yangu kwa simu, nikitazama masomo ya bure mpaka bando linakwisha. Video yangu ya kwanza ilikuwa ya nyumba moja kule Isebania. Mkono wangu ulicheza kidogo nilipopita mlangoni, na mtu fulani akaandika chini yake, "Kamera imelewa ama ni nyumba ndiyo imelewa?" Watu wakacheka wiki nzima. Ndugu zangu, maneno yale yalinishika kama pepo!

Tangu hapo sikuwa na amani. Video ya dakika mbili niliihariri siku tatu. Nakata, narudisha, nakata tena. Nikiona kivuli changu kimepita ukutani, narudi kupiga upya. Hofu hiyo ikaingia mpaka kwenye maombi. Nikikosea neno naanza upya, na siku nyingine sikufika amina. Watu walinisifu: "Quinter kazi yake ni safi." Mimi nilijua ni gereza, lakini niliipenda ile sifa.

Sasa sikieni habari ya nyumba ya Macalder.

Felix, dalali ambaye hunipa kazi, alinipeleka huko kwa nyumba ya matofali yenye mabati ya buluu. Mnajua Macalder. Watu wanachimba dhahabu kwa mikono, na shimo hufuata mwamba popote unapokwenda, hata kama juu yake kuna boma la mtu. Katika chumba cha nyuma ukuta ulikuwa na ufa kutoka sakafuni hadi dirishani. Felix akavuta pazia. Ufa bado ulichungulia, basi mimi nikasogea hatua mbili kushoto, na baadaye nikauongezea ukuta mwanga mpaka ufa ukapotea.

Halafu, nikiwa bado narekodi, nikasikia kitu chini ya miguu yangu. Ko. Ko. Ko. Nikasimama. Jirani mmoja, mama aliyekuwa akianika mihogo nje ya dirisha, akacheka.

"Usiogope, nyathina, mwanangu. Hao ni wapangaji wa chini. Wako shimoni, na kodi hawalipi!"

Felix naye akacheka. "Na hawasumbui mtu. Maliza twende, mvua inakuja."

Nilipofika nyumbani nikavaa earphone nianze kuhariri. Sauti ile ilikuwa wazi kuliko nilivyoisikia kule. Nitasema ukweli mbele za Mungu: hakuna aliyeniambia nidanganye. Felix alisema tu nipendezeshe. Na kilichonisumbua hakikuwa kwamba kuna watu wanachimba chini ya chumba cha kulala. Kilichonisumbua ni kwamba yale mapigo hayakwenda sawa na muziki wa kinanda niliouchagua! Basi nikafuta sauti yote ya nyumba ile. Nikaweka kinanda, na chini ya kinanda nikaweka ndege wanaoimba. Ndege wale hawakuwa wa Macalder. Niliwachukua mahali pengine. Niliihariri upya video ile mara kumi na nne mpaka ndege wakaimba pale pazia linapotikisika. Nikaridhika. Nikamshukuru Mungu kwa kipaji!

Mwalimu mmoja aliyekuwa akiishi ng'ambo ya Mbita alihamishiwa shule ya huko Macalder. Anaitwa Dorcas. Hakuweza kuja kuitazama nyumba kwa sababu alikuwa na mama yake mgonjwa, hana wa kumwachia. Akaipanga kwa kuitazama simuni tu. Wiki mbili baada ya kuhamia aliniandikia hivi: "Dada, ubarikiwe kwa video yako. Mama ana ugonjwa wa moyo, na daktari alisema akae mahali pametulia. Nyumba zingine zote nilisikia kelele. Hii yako ilikuwa na utulivu, ndiyo maana nikaichagua."

Nilisoma nikiwa nakula. Sikumaliza chakula.

Mngedhani nilimpigia saa hiyo hiyo. Hapana. Nilikaa siku tisa. Niliandika ujumbe wa kukiri, nikaona haujakaa vizuri, nikafuta. Nikaandika mwingine mrefu, nikaona unanionyesha mbaya sana, nikafuta. Siku tisa natafuta namna nzuri ya kusema jambo baya, na mvua inanyesha kila jioni, na mama wa watu amelala juu ya shimo! Sikulia hata. Nilikuwa mkavu ndani kama kibuyu.

Siku ya tisa ilikuwa Jumatano, kwenye maombi yetu ya saa sita mchana. Kiongozi akasema kila mtu amtaje mgonjwa anayemjua. Nikafungua mdomo nimtaje mama yake Dorcas, ulimi ukakataa. Ningemwombeaje mtu niliyemlaza mimi mwenyewe pale? Nikatoka nje. Nikatafuta ile video mbichi, isiyokatwa, yenye mkono unaocheza na kikohozi cha Felix na ile ko, ko, ko. Nikaituma na maneno machache yenye makosa: "Mwalimu nilikudanganya. Sikiza chini. Tokeni." Ikabaki na tiki moja. Haikufika.

Nikachukua bodaboda mpaka Macalder, matope yakinirukia hadi usoni.

Dorcas alikuwa shuleni. Nilimkuta mama yake, mzee sana, amelala kwenye godoro sakafuni katika kile chumba cha nyuma, kwa sababu kitandani hangeweza kupanda. Miguu ilikuwa imevimba. Nikapiga magoti, nikamwambia yote ovyo ovyo, mwisho kabla ya mwanzo. Nikamwekea simu sikioni. Alisikiliza muda mrefu.

"Hii sauti naijua," akasema. "Inanigonga mgongoni kila siku. Nilifikiri ni moyo wangu."

Ndugu zangu! Alifikiri ni moyo wake! Akanionyesha vidonge chini ya mto. Kila sauti ilipogonga kwa nguvu alimeza kidonge kimoja zaidi, kwa siri, ili binti yake asipate wasiwasi. Siku nzima anamsikiliza mchimbaji, anameza dawa.

Nikamshika kwapani tukatoka pole pole hadi kwa yule jirani wa mihogo. Dorcas alipofika na kusikia, hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Wewe ni mtu wa kanisa?" akaniuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi nenda uwaambie kanisani ulichofanya. Mimi usiniambie pole."

Walihama siku hiyo hiyo, na mama akapelekwa hospitali Homa Bay. Jumapili iliyofuata sakafu ya kile chumba iliingia chini, katikati, pale godoro lilipokuwa. Wachimbaji hawakuwa shimoni kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Niliomba nionyeshwe. Nikasogea ukingoni, nikatazama chini.

Huo ndio ushuhuda, na mnaona una mashimo yake. Mama yule yuko hai, lakini ni dhaifu kuliko alipokuja, na hakuna anayejua ni kiasi gani ni umri na kiasi gani ni mimi. Dorcas haitikii salamu zangu. Felix amepata mpiga video mwingine. Mungu hakuniondolea aibu. Aibu ninayo, nimesimama nayo hapa. Mungu aliniokoa na ile hofu iliyonifanya nipende picha safi kuliko mtu atakayelala ndani ya picha. Nilipotuma video mbaya kuliko zote nilizowahi kupiga, kamba ya hofu ile ilikatika. Asante Yesu! Siku hizi nikiona ufa nausogelea, na mkono ukicheza nauacha ucheze.

Najua hapa ndani kuna mtu anangoja apate maneno mazuri ndipo aseme. Nakusihi, usingoje. Mungu alinipokea na maneno mabovu, nikiwa na matope. Mtumaini, uende leo, wakati mtu wako angali hapo kuambiwa. Baada ya ibada nitakuwa pale langoni. Kama unaogopa kwenda peke yako, njoo uniambie tu ni wapi, nami nitakwenda nawe.